Tukienda kusalimia nyumbani, tubishe hodi kwa nani kwanza?



Tangu tuliporudi kutoka Bujumbura mwaka 2023, ndugu wengi hapa Nakivale wametuuliza habari za huko. Mmoja anauliza bei ya mchele na ndagala, mwingine anauliza kama njia ni salama, na wako wanaosubiri ibada iishe ndipo watuvute pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini kama nyumba yao bado ipo. Tumejibu kadiri tulivyoona. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyetuuliza, nalo ndilo lililotukosesha usingizi tangu siku ile. Mtu aliyekimbia akipata nafasi ya kurudi kusalimia alikozaliwa, ana wajibu wa kubisha hodi kwa nani kwanza? Na kwa nini mlango mmoja unaweza kuwa mzito kuliko milango mingine yote?

Kabla hatujaendelea, tuseme neno moja la sheria, tusije tukamponza mtu. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 unasema kwamba mkimbizi aliyejirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi. Kitabu cha mwongozo cha UNHCR, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1979, kinafafanua katika aya ya 125 kwamba kwenda kumwona mzazi mzee au mgonjwa hakuhesabiwi sawa na kwenda mara kwa mara kwa mapumziko au biashara, na kwamba kila jambo litazamwe peke yake. Hata hivyo mtu asifunge mzigo kwa sababu amesikia Mchungaji alikwenda. Sisi tuliuliza kwanza, tukaeleza sababu, ndipo tukaondoka. Hata Musa, aliyekuwa mkimbizi huko Midiani, hakuondoka kimyakimya. Alimwendea mkwewe Yethro akaomba ruhusa ya kurudi Misri akaone kama ndugu zake walikuwa bado hai (Kutoka 4:18). Yeye naye alikuwa na hofu ile tuliyo nayo sisi, ya kufika na kukuta waliobaki ni wachache kuliko waliokwisha kwenda.

Sababu yetu ilikuwa mama mdogo. Ndiye peke yake aliyebaki katika tumbo la bibi yetu, na alikuwa anaumwa. Tulipita njia ya Tanzania, tukaingia kwa mpaka wa Kabanga na Kobero, tukashuka hadi Bujumbura. Magari yalikuwa yamepanga foleni ndefu kwenye vituo vya mafuta, na madereva wamelala ndani. Soko kuu la kati, lile ambalo sisi tuliokulia Bwiza tulitumwa kununua mboga, liliungua tarehe 27 Januari 2013. Ukilipita unageuza uso.

Wale wasiojua Bwiza, tuwaeleze kidogo. Ni mtaa wa zamani, jirani na Buyenzi, wenye avenyu zilizonyooka kama mistari ya daftari. Wazee wetu walizoea kuuita Belge, jina la wakati wa wakoloni, mji wenyewe ukiitwa Usumbura. Katika parseli moja mnakaa kaya nne au tano, bomba moja, choo kimoja, na sentensi moja inaweza kuanza kwa Kirundi, ikapita kwenye Kiswahili, ikaishia kwa Kifaransa au Lingala. Walikuwako Warundi wa kila kabila, Wakongomani, Wanyarwanda, na watu waliokuja zamani kutoka Kigoma. Mtoto akitumwa kuomba chumvi haulizi mlango ni wa nani. Hatusemi kwamba ilikuwa paradiso, kwa maana walevi walikuwako na ugomvi wa maji ulikuwako. Tunasema tu kwamba mlango ulikuwa mlango.

Kisha yakaja yale mnayoyajua. Rais Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, na nchi ikaanza kuwaka. Mitaa ya Bujumbura ikaanza kugawanyika mmoja mmoja, huu wa kabila hili, ule wa kabila lile. Bwiza na Buyenzi zilichelewa kwa sababu ya huo mchanganyiko wake, lakini mwishoni mwa Machi 1995 zamu yao ikafika. Watu wengi sana walifukuzwa kwa siku chache, wakaelekea Uvira, karibu kilomita 30, wengi kwa miguu. Sisi tulikuwa na miaka 16. Tulikuwa na mama na dada zetu wawili. Hatukutoka siku ya kwanza, wala ya pili. Tulitoka ya tatu, na sababu ya kuwa hai ni fundi cherehani mmoja wa avenyu yetu, mtu wa kabila lile lililokuwa linatufukuza. Alitufungia katika chumba alichokuwa akiwekea vitambaa. Mke wake alitupa uji usiku, bila taa. Alfajiri ya siku ya tatu alitupeleka hadi mahali ambapo msafara wa watu ulikuwa mkubwa kiasi cha kutosha kutuficha, akarudi.

Jina lake hatutaliandika. Yu hai, na ana jirani.

Sasa turudi kwenye ziara. Mtu anayetoka ukimbizini kwenda kusalimia ana kazi nyingi. Kuna matanga aliyoyakosa, na desturi yetu haikubali umkute mtu njiani umwulize habari za mazao kabla ya kumpa pole ya baba yake aliyekufa, hata kama alikufa miaka kumi iliyopita. Kuna ubatizo, harusi, watoto waliozaliwa na kukua. Kuna bahasha pia. Watu wa nyumbani wanaamini kwamba sisi huku tunalishwa na Umoja wa Mataifa na kesho tunapanda ndege ya Kanada. Hawajui kwamba mwaka huohuo wa 2023 familia zetu zilipangwa kwa makundi, na kwamba baadhi ziliondolewa kabisa kwenye mgao wa chakula. Nasi hatuwaambii. Tunaazima koti. (Koti tulilovaa sisi lilikuwa la mzee mmoja wa kanisa hili, tunamshukuru, na kifungo kimoja tumemrudishia tofauti.)

Kwa sababu ya hayo yote tulikwenda na daftari. Tuliandika majina kwa utaratibu, upande wa mama, upande wa baba, wazee wa kanisa la utotoni, wenzetu wa shule. Siku ya kwanza tulikaa na mama mdogo. Siku ya pili tulizunguka kutoa pole, nyumba kumi na moja. Siku ya tatu tuliwasalimia hata watu ambao, tuseme ukweli, walifunga madirisha siku ile tulipokuwa tunatafuta pa kuingia. Tuliwasalimia vizuri. Mmoja tulimshika mkono kwa muda mrefu, tukaona amani moyoni, na tukajisifu kidogo kwamba tumetimiza neno la Bwana kuhusu kusamehe.

Jioni hiyo mama mdogo akatuuliza kutoka kitandani: "Na fundi umemsalimia?"

Tulimjibu kwamba bado, kwa kuwa hatukuwa na kitu kizuri cha kumpelekea.

"Mwanangu," akasema, "siku ile alikuuliza una nini mkononi?"

Tulifungua daftari usiku. Jina la fundi halikuwamo. Halikuachwa kwa kukosa nafasi, maana kurasa zilikuwa tupu. Na tulikuwa tumeupita mlango wake mara tatu, mara zote upande wa pili wa barabara.

Hapa ndipo swali letu lilipo, ndugu msomaji. Kwa nini ilikuwa rahisi kwenda kwa waliotufungia dirisha, na vigumu kwenda kwa aliyetufungulia mlango?

Jibu la kwanza tulilojipa ni aibu ya ukimya. Miaka 28 bila barua, bila salamu, bila simu siku hizi ambapo hata mama muuza nyanya ana simu. Lakini tulipochimba zaidi tuliona kwamba aibu hiyo ilikuwa na mama yake. Anayesamehe anasimama juu. Yeye ndiye mwenye mali, yeye ndiye anayetoa, na aliyekosa ndiye anayepokea. Anayeshukuru anasimama chini. Anakiri kwamba siku fulani alikuwa amekunjamana nyuma ya marobota ya vitambaa, hana nguvu, hana jina, na pumzi yake ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Sisi wahubiri tumehubiri kusamehe katika kambi zote tulizopita, saba mara sabini, na ni vema. Kushukuru tumehubiri kumshukuru Mungu. Mungu hasumbui, hakai avenyu ya jirani, hakuangalii usoni akakukumbuka ulivyokuwa.

Katika chuo cha Biblia mwalimu wetu alikuwa akipenda sana habari za Yusufu, lakini alipita haraka kwa mkuu wa wanyweshaji wa Farao. Sisi sasa tungependa kukaa hapo. Mtu huyu alikuwa gerezani, Yusufu akamfasiria ndoto, akamwomba jambo moja tu, amtaje mbele ya Farao akitoka. Akatoka, akarudishwa kazini, akamsahau (Mwanzo 40:23). Tumezoea kusema alikuwa mtu asiye na shukrani. Lakini fikirini: ili amtaje Yusufu ilibidi ataje gereza. Mbele ya Farao, akiwa na kikombe mkononi na mavazi safi, aseme, mimi nilikuwa mfungwa, na mtumwa Mwebrania alikuwa bora kuliko mimi. Ilimchukua miaka miwili. Na alipofungua kinywa hatimaye alianza kwa kukumbuka makosa yake mwenyewe (Mwanzo 41:9). Miaka miwili. Sisi tulikaa ishirini na minane na tukaitwa Mchungaji.

Kuna jambo la pili, na hili linatuhusu wote humu makazini. Kila mmoja wetu amekaa mbele ya meza na kueleza kisa chake. Tulikimbilia Uvira, vita ikatufuata huko Oktoba 1996, tukavuka ziwa hadi Kigoma, tukaishi Mtabila hadi watu wakaondolewa kule mwaka 2012, na kila tulipofika tulihojiwa. Maswali ni yale yale: nani aliwafukuza, nani aliua, unamwogopa nani ukirudi? Ni maswali ya haki, wala hatumlaumu anayeuliza, maana kazi yake ni kujua hatari. Lakini fomu haina nafasi ya aliyekuficha. Tena mtu anaogopa: nikisema jirani mmoja alinisaidia, si wataniambia rudi, una rafiki huko? Basi fundi akatoka katika kisa. Hatukudanganya, tuliacha tu. Mara ya kwanza uliacha ukijua unaacha. Mara ya tano kisa kinatoka chenyewe bila fundi, na watoto wanakisikia hivyo hivyo. Neno "majirani" linageuka "majirani wote". Sisi tumelisema hilo neno "wote" madhabahuni. Dada mmoja wa kwaya alituuliza mwaka juzi kama kweli wale watu wana moyo wa nyama. Alizaliwa kambini. Nani alimfundisha?

Tunajua ndugu atasema: Mchungaji, mtu mmoja mwema anafuta waliotuua? Hafuti. Walioua waliua, na haki yao iko mbele za Mungu na mbele ya sheria, wala uji wa usiku mmoja hauwezi kulipa damu. Wala hatusemi kila mtu alikuwa na fundi wake. Wako humu waliobisha kila mlango na hawakufunguliwa hata mmoja, na tusiwabebeshe shukrani wasiyodaiwa. Tunasema na aliyefunguliwa.

Tena watu wa namna hii si hadithi. Tarehe 30 Aprili 1997 vijana 40 wa seminari ndogo ya Buta, huko Bururi, waliuawa baada ya kukataa kujitenga kwa kabila walipoamriwa. Marguerite Barankitse wa Ruyigi alificha watoto wa kila upande mwaka 1993, akalea maelfu baadaye, na mwaka 2016 akapewa tuzo ya Aurora. Hao wana kumbukumbu, na Buta pana patakatifu pa kuombea. Lakini fundi wa Bwiza hana mahali palipoandikwa. Kumbukumbu yake ilikuwa katika vinywa vya watu wanne, mama akafa mwaka 2004 kule Kasulu, tukabaki watatu, nasi tukanyamaza.

Tulikwenda siku ya mwisho, asubuhi. Alikuwa amekaa barazani na cherehani yake, macho yamefifia, sindano anatungiwa uzi na mjukuu. Tulibisha hodi. Akauliza ni nani. Tulimtajia jina la mama yetu.

Alikaa kimya kiasi cha kutuogopesha. Kisha akasema, "Mlifika?"

Yaani alikuwa hajui. Kwa miaka 28 mtu huyu hakujua kama wale aliowaacha njiani alfajiri walifika au walikatwa mbele kidogo. Mke wake, alituambia, alikuwa akiuliza hata karibu na kufa kwake: wale watoto, je? Tulimweleza habari za mama. Akavua kofia. Sisi tuliokwenda na daftari la pole kwa nyumba kumi na moja, tulikuta pole kubwa kuliko zote inatungoja katika nyumba ambayo hatukuiandika.

Ndipo tukasikia yaliyompata. Vijana walikuja siku ileile tuliyotoka, wakasema alichelewa kufungua mlango, wakabeba cherehani moja kama faini. Watu wa kabila lake walimwita msaliti, na kwa muda mrefu hakupata wateja. Kisha, baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, watu wetu walipoanza kurudi kutoka Tanzania, nao hawakumpelekea nguo. Waliambiwa huko kambini kwamba katika avenyu ile wote walikuwa wauaji.

Waliambiwa na nani? Ndugu zangu, lile neno "wote" lilirudi Bwiza kabla yetu. Lilibisha hodi kwake likiwa limetoka vinywani mwetu. Barua moja tu, mstari mmoja kwa mzee mmoja wa kanisa, ungetosha kumrudishia salamu za nusu ya mtaa.

Alituuliza: "Huko mnakokaa, sisi tuliobaki huwa mnatusemaje?"

Hatukumjibu. Tuliomba msamaha, na hakutuambia kwamba ametusamehe. Alituambia tule. Tulikula. Bahasha aliipokea, kwa maana ana shida, akaiweka chini ya mguu wa cherehani, akaendelea kutuuliza habari za dada zetu mmoja mmoja kwa majina ya utotoni.

Wapelelezi wawili waliofichwa na Rahabu juu ya dari, chini ya mabua ya kitani, nao walirudi Yeriko (Yoshua 2 na 6). Tumesoma kisa hicho mara nyingi tukitazama kuta zinavyoanguka. Safari hii tulitazama jambo jingine: Yoshua aliwatuma wale wale wawili, waliofichwa wenyewe, waende nyumbani kwake wamtoe yeye na jamaa zake. Hakutuma askari wengine. Nadhani alijua kwamba nyumba ile ina wenye nayo.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili, na mwenye jibu jingine atuandikie: mgonjwa kwanza, kisha aliyekuficha, ndipo matanga na ukoo na marafiki. Na kwa asiyeweza kwenda, ambao ndio wengi wetu, kuna simu. Lakini angalieni usalama wake kwanza. Pengine jirani zake hawajui alichofanya, na shukrani ya kelele inaweza kumletea taabu. Mwulizeni yeye anataka nini kisemwe.

Sisi tulifanya hivyo. Jumapili iliyopita tulimpigia, mjukuu akashika simu karibu na sikio lake. Tulimwambia tunaandika habari hii katika gazeti la kanisa. Akauliza kama jina lake limo. Tukasema hapana. Akasema ni vizuri. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Ila andikeni kwamba nilikuwa na cherehani mbili."